Maneno Ndani ya Msimbo: Historia ya Utunzaji wa Programu za Kompyuta Mbarara na Nakivale, na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya utunzaji wa programu za kompyuta zinazohifadhi rekodi za wagonjwa na za wakimbizi katika eneo la Mbarara na makazi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Hoja kuu ni kwamba sehemu kubwa ya matatizo yanayoifanya programu iwe ngumu kutunzwa hutokana na maneno, majina na vipimo vya wanadamu kufungwa ndani ya msimbo, mahali ambapo mtumiaji hawezi kuvifikia na fundi mpya hawezi kuvitambua. Makala yanafuatilia dhana ya utunzaji tangu mwaka 1968, safari ya programu huria ya OpenMRS kutoka Kenya hadi Mbarara, na uhakiki wa wakimbizi wa mwaka 2018. Kisha yanaonyesha jinsi sarufi ya Kiswahili inavyoweza kutumika kama kipimo cha kufichua kasoro hizo. Makala yanahitimisha kwa kupendekeza kwamba gharama za utunzaji wa msimbo zihesabiwe kuwa sehemu ya utekelezaji wa sera ya lugha.

1.0 Utangulizi

Makazi ya wakimbizi ya Nakivale, yaliyoko Wilaya ya Isingiro, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na ni miongoni mwa makazi ya zamani zaidi ya wakimbizi barani Afrika. Wakazi wa mwanzo walitoka Rwanda. Baadaye walifika watu kutoka Congo, Burundi, Somalia, Ethiopia na Eritrea, na leo makazi hayo, yaliyogawanywa katika kanda tatu za Base Camp, Juru na Rubondo, yana wakazi zaidi ya 100,000. Wenyeji wa eneo hilo huzungumza Kinyankore. Maofisa wa serikali huandika kwa Kiingereza. Wakongo na Warundi wengi huwasiliana kwa Kiswahili, nacho ndicho kinachotumika mara nyingi pale watu wa mataifa mbalimbali wanapokutana sokoni, kanisani au kwenye foleni ya zahanati.

Kaskazini-magharibi mwa Nakivale uko mji wa Mbarara, uliopewa hadhi ya jiji mwezi Julai 2020. Hapo ndipo ilipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbarara, ambako wagonjwa walioshindikana makazini hupelekwa, na ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Mtu anayetoka Nakivale kwenda Mbarara kutibiwa hupita katika rekodi za taasisi zaidi ya moja. Jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na ugonjwa wake huandikwa katika mfumo mmoja na kuandikwa tena katika mwingine. Mgawo wa chakula, kipande cha ardhi cha kulima, dawa za kila mwezi na barua ya rufaa vyote hutegemea rekodi hizo kuwa sahihi.

Mijadala ya kitaaluma kuhusu Kiswahili na teknolojia imejikita zaidi katika uundaji wa istilahi na tafsiri ya kile kinachoonekana kwenye skrini. Msimbo wenyewe, yaani maandishi ya mtaalamu wa programu yanayoiamuru kompyuta la kufanya, umeachiwa wahandisi. Makala haya yanadai kwamba mgawanyo huo wa kazi umekuwa na gharama, kwa kuwa msimbo nao ni matini: huandikwa mara moja, husomwa mara nyingi, na husomwa zaidi na watu ambao hawakuuandika.

2.0 Asili ya dhana ya utunzaji

Mwezi Oktoba 1968 wataalamu wa kompyuta walikutana mjini Garmisch, Ujerumani, katika mkutano uliodhaminiwa na Kamati ya Sayansi ya NATO. Walijadili kile walichokiita mgogoro wa programu: miradi ilichelewa, iligharimu zaidi ya bajeti, na kilichokamilika kilikuwa kigumu kurekebishwa. Miaka michache baadaye Meir Lehman na Laszlo Belady, wakichunguza historia ya mfumo wa OS/360 wa kampuni ya IBM, walifikia kauli ambayo baadaye iliitwa sheria za Lehman. Ya kwanza husema kwamba programu inayotumika katika maisha halisi lazima ibadilishwe daima, la sivyo itapungukiwa na manufaa. Ya pili husema kwamba kadiri inavyobadilishwa ndivyo utata wake unavyoongezeka, isipokuwa kazi maalumu ifanyike kuupunguza.

Sheria hizo mbili zinaeleza jambo ambalo wafadhili wengi hawalipangii fedha. Programu haichakai kama trekta. Kinachochakaa ni uhusiano wake na dunia inayoihudumia: fomu za wizara hubadilika, mwongozo wa tiba hubadilika, mipaka ya wilaya hubadilika, na programu iliyobaki ilivyokuwa huwa imeharibika bila kuguswa. Utafiti wa Bennet Lientz na Burton Swanson uliochapishwa mwaka 1980, uliohusisha mashirika 487, uligundua kwamba takribani nusu ya muda wa idara za kompyuta ulitumika katika utunzaji, na kwamba sehemu kubwa ya utunzaji huo ilikuwa kuongeza na kubadilisha kazi za programu kulingana na mahitaji mapya. Kusahihisha makosa kulichukua sehemu ndogo zaidi.

Swali la jinsi ya kuandika msimbo utakaostahimili mabadiliko lilijibiwa mapema na David Parnas. Katika makala yake ya mwaka 1972 alipendekeza kwamba programu igawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, na kila uamuzi wa aina hiyo ufichwe ndani ya sehemu moja tu. Mwaka 1992 Ward Cunningham alileta sitiari ya deni: anayekubali msimbo usiokamilika ili awahi tarehe ya kukabidhi kazi amekopa, na kila siku fundi anapohangaika na msimbo huo riba inalipwa. Mwaka 1999 Martin Fowler alichapisha kitabu kuhusu kuufuma upya msimbo, yaani kubadilisha mpangilio wake wa ndani bila kubadilisha kazi inayoonekana kwa mtumiaji. Katika kitabu hicho yeye na Kent Beck waliorodhesha dalili walizoziita harufu za msimbo, kama vile maandishi yaliyorudiwa mahali pengi, funksheni ndefu kupita kiasi, na badiliko moja dogo linalolazimisha kugusa faili nyingi.

Kiwango cha kimataifa cha ISO/IEC 25010 cha mwaka 2011 kiliitambua sifa hii, ambayo makala haya yanaiita utunzikaji, kwa vigezo vitano: mgawanyiko katika moduli, uwezekano wa kutumika tena, urahisi wa kuchunguzwa, urahisi wa kubadilishwa na urahisi wa kujaribiwa. Urahisi wa kuchunguzwa kwa kiasi kikubwa ni suala la usomaji. Fundi asiyeelewa jina la funksheni hawezi kuitengeneza kwa usalama hata kama hesabu zake ni sahihi.

3.0 Kutoka Mosoriot hadi Mbarara

Historia ya rekodi za kielektroniki za wagonjwa zilizofika Mbarara inaanzia nje ya Uganda, katika kituo cha afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya. Huko, kuanzia mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana viliendesha mfumo wa rekodi uliojengwa kwa Microsoft Access. Mfumo ulikuwa mdogo, ulieleweka, na ulithibitisha kwamba kituo cha afya cha vijijini kinaweza kutunza rekodi za kielektroniki. Hata hivyo, mpango wa AMPATH mjini Eldoret ulipoanza kuwahudumia wagonjwa wengi wa UKIMWI, ilidhihirika kwamba mfumo wa aina hiyo usingeweza kukua kwa kasi iliyohitajika.

Kikwazo kinaeleweka kwa mfano. Katika hifadhidata ndogo ya kawaida, kila swali la fomu hupewa safu yake: safu ya uzito, safu ya joto, safu ya kikohozi. Daktari anapoongeza swali jipya, mtaalamu huongeza safu, kisha hubadilisha fomu ya kuingizia data, ripoti ya mwezi na kila mahali pengine panapoitaja safu hiyo. Swali moja la daktari huzaa marekebisho sehemu nyingi za msimbo, na moja likisahauliwa ripoti hutoka na pengo bila onyo lolote. Hii ndiyo harufu ya msimbo iliyotajwa hapo juu: badiliko moja, faili nyingi.

Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana walifika Eldoret, wakaanza kubuni mfumo mwingine ambao baadaye, kwa kushirikiana na Hamish Fraser wa shirika la Partners In Health na Chris Seebregts wa Afrika Kusini, ulikuwa OpenMRS. Ulianza kutumika Eldoret mwezi Februari 2006, na baadaye mwaka huohuo ukafungwa Rwinkwavu, Rwanda. Nchini Uganda ulienea katika vituo mbalimbali vya tiba ya UKIMWI, ikiwemo kliniki ya ISS ya Hospitali ya Rufaa ya Mbarara. Baadaye Wizara ya Afya, pamoja na mpango wa METS wa Chuo Kikuu cha Makerere, walijenga juu ya OpenMRS mfumo wa kitaifa unaoitwa UgandaEMR.

Msingi wa OpenMRS ni kamusi ya dhana. Badala ya kila swali kuwa safu ya hifadhidata, kila swali na kila jibu ni kidahizo katika kamusi iliyo ndani ya mfumo. Uzito ni dhana. Kikohozi ni dhana. "Ndiyo" ni dhana. Kipimo cha mgonjwa huhifadhiwa kama mstari unaosema: mgonjwa huyu, siku hii, dhana hii, jibu hili. Daktari akitaka swali jipya, dhana huongezwa kwenye kamusi na msimbo hauguswi. Kila dhana huweza kuwa na majina kadhaa, na kila jina hubeba alama ya lugha yake. Kwa maneno ya Parnas, uamuzi unaobadilika mara kwa mara, yaani msamiati wa tiba, ulitolewa ndani ya msimbo ukawekwa mahali pamoja.

Mwanaleksikografia ataona mara moja faida na hatari ya mpango huo. Kamusi isiyo na mhariri hujaa visawe visivyohitajika. Kituo kimoja huunda dhana ya "homa", kingine "joto kali", cha tatu kikaagiza ya kwake, na ripoti ya mkoa ikashindwa kuzijumlisha. Ugumu uliokuwa kwenye msimbo haukutoweka; ulihamia kwenye kamusi, ambako unahitaji ujuzi wa aina nyingine. Ndiyo maana kamusi za pamoja, kama ile ya CIEL iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Columbia, zikawa muhimu kwa nchi nyingi kuliko msimbo wenyewe.

Jambo la pili la kujifunza ni uteuzi wa maneno ndani ya msimbo. OpenMRS haifuti rekodi. Taarifa ya mgonjwa iliyoandikwa kwa makosa hutiwa alama ya "voided", yaani imebatilishwa. Kidahizo cha kamusi kisichotumika tena hutiwa alama ya "retired", yaani kimestaafishwa. Tofauti hiyo ni ya maana: rekodi iliyobatilishwa haikuwa kweli tangu mwanzo, ilhali dhana iliyostaafishwa ilikuwa halali na rekodi za zamani bado zinaitegemea. Kwa kuwa istilahi hizo mbili zimefuatwa sawasawa katika mfumo mzima, fundi anayefungua faili asiyoijua huelewa papo hapo anashughulika na aina gani ya taarifa.

Mfano wa tatu unahusu namba. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu lini mgonjwa wa VVU aanzishiwe dawa ulibadilika mara kadhaa katika muongo mmoja: kiwango cha seli za CD4 kilipandishwa hadi 350 mwaka 2010, kikawa 500 mwaka 2013, na mwaka 2015 kiwango kikaondolewa, kila aliyeambukizwa aanze dawa. Chukulia programu ambayo namba 350 imeandikwa moja kwa moja katika ripoti kumi na mbili. Fundi anayetafuta 350 atazikuta zile kumi na mbili, pamoja na 350 nyingine zinazohusu uzito wa kidonge au upana wa dirisha, na hana namna ya kuzitofautisha ila kusoma kila moja. Kama namba hiyo ingepewa jina, mathalani "kiwango cha kuanza dawa", na ikawekwa katika mipangilio, badiliko la mwaka 2013 lingekuwa kazi ya dakika chache. Hata badiliko la mwaka 2015, lililoondoa kanuni yenyewe, lingejulikana litafutwe wapi.

4.0 Nakivale: majina ya watu na umbo la rekodi

Rekodi za wakimbizi zina historia yake. Baada ya vita vya Kosovo vya mwaka 1999, UNHCR ilitambua haja ya mfumo mmoja wa usajili, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 ikaanza kusambaza programu ya proGres. Matoleo ya mwanzo yalihifadhi data katika kila kituo peke yake. Toleo la nne lilihamishia data katika mfumo wa pamoja unaofikiwa kwa mtandao. Nchini Uganda, Ofisi ya Waziri Mkuu ilikuwa na mfumo wake uliojulikana kama RIMS.

Mwanzoni mwa mwaka 2018, kufuatia tuhuma kwamba idadi ya wakimbizi ilikuwa imeongezwa isivyo halali, Ofisi ya Waziri Mkuu na UNHCR walianza uhakiki wa nchi nzima kwa kutumia alama za vidole na mboni za macho, kwa mfumo wa UNHCR wa BIMS pamoja na proGres. Kazi ilianzia Oruchinga, makazi mengine ya Wilaya ya Isingiro. Ilipokamilika mwezi Oktoba mwaka huo, watu takribani milioni 1.09 walikuwa wamehakikiwa, sawa na asilimia 75 ya milioni 1.4 waliokadiriwa kuwepo.

Si haki kuubebesha msimbo lawama ya tofauti hiyo. Tuhuma zilihusu mienendo ya watu, na wakimbizi nao huhama, hurejea kwao au hufariki bila rekodi kufutwa. Hata hivyo tukio hilo linafunua jambo la kihistoria: ilibidi mwili wa binadamu ugeuzwe ufunguo wa rekodi kwa kuwa jina lilikuwa limeshindwa kazi hiyo. Inafaa kuuliza kwa nini jina lilishindwa.

Programu nyingi zilizoandikwa Ulaya na Marekani hudhani kwamba mtu ana jina la kwanza na jina la ukoo, na kwamba jina la ukoo hurithiwa. Nakivale dhana hiyo hukutana na desturi zisizopungua nne. Msomali hutaja jina lake, la baba na la babu. Mwethiopia na Mweritrea hufuatisha jina lao kwa jina la baba, hivyo baba na mtoto hawana jina la mwisho linalofanana. Mrundi aghalabu hupewa jina lake mwenyewe ambalo wazazi wake hawana. Mkongo ana jina, jina la nyongeza linalolifuata, na jina la ubatizo. Mpangilio huo una alama ya siasa ya uhalisi ya Mobutu, ambayo mwaka 1972 iliwalazimu raia wa Zaire kuacha majina ya Kikristo.

Msimbo unaokataa kuhifadhi rekodi isiyo na jina la ukoo humlazimisha karani kubuni. Leo ataandika jina la babu, kesho karani mwingine ataandika la baba, na Mbarara ataandika lile linalosomwa mwisho kwenye barua ya rufaa. Mtu mmoja huwa watatu bila mtu yeyote kudanganya. Baadaye mtaalamu wa programu huongeza sharti la pekee kwa Wasomali, kisha jingine kwa Wakongo, kila moja mahali tofauti, mpaka hakuna awezaye kusema msimbo unalinganishaje majina. Waundaji wa OpenMRS walilishughulikia suala hili kwa kutenganisha majina na rekodi ya mtu: mtu mmoja huweza kuwa na majina zaidi ya moja, na umbo la jina linaloonyeshwa kwenye fomu huwekwa kwa kiolezo kinachobadilishwa bila kugusa msimbo. Hata hivyo sehemu za jina ndani ya hifadhidata bado zinaitwa kwa istilahi za Kiingereza, na kazi ya kueleza ni sehemu ipi ya jina la Kisomali iingie wapi hubaki kwa anayefunga mfumo. Asipoiandika mahali, maarifa hayo huondoka naye.

5.0 Kiswahili kama kipimo cha msimbo

Juhudi za kuifanya kompyuta iseme Kiswahili si mpya. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi kwa Kiswahili. Mradi huo ulionyesha kwamba istilahi zinaweza kupatikana. Swali lililopata nafasi ndogo ni jingine: msimbo unapaswa kuwa wa namna gani ili tafsiri iwezekane na idumu katika kila toleo jipya?

Sarufi ya Kiswahili inalijibu swali hilo kwa ukali kuliko lugha nyingi za Ulaya. Mwandishi wa programu wa Kiingereza hupenda kuunda ujumbe kwa vipande: neno la "mpya", kisha jina la kitu. Kwa Kiingereza kipande hicho kimoja hutosha popote. Kwa Kiswahili mgonjwa ni mpya, kitanda ni kipya, jalada ni jipya, wagonjwa ni wapya, vitanda ni vipya. Hakuna tafsiri moja ya kipande hicho kwa kuwa upatanisho wa kisarufi unahitaji kujua ngeli ya nomino, na nomino iko katika faili nyingine. Hali ni hiyohiyo kwa kitenzi: mgonjwa 1 amepatikana, wagonjwa 5 wamepatikana, vitanda 5 vimepatikana, dawa 5 zimepatikana. Kanuni za wingi zilizomo katika hazina ya kimataifa ya CLDR hukipa Kiswahili makundi mawili tu, umoja na mengineyo. Ngeli hubaki kuwa mzigo wa anayeandika msimbo.

Suluhisho ni kuacha kuunganisha vipande na kuuweka kila ujumbe kama sentensi kamili, yenye ufunguo wake, katika faili la ujumbe lililo nje ya msimbo. Ikumbukwe kwamba sentensi iliyogawanywa vipande huwa ngumu kusomeka hata kwa fundi wa Kiingereza, ngumu kutafutwa pale mtumiaji anapolalamika kuhusu ujumbe fulani, na rahisi kuvunjika pale kipande kimoja kinapobadilishwa. Kiswahili kinafichua kasoro iliyokuwepo tangu mwanzo, hakiileti.

Mfano mwingine ni saa. Miadi ya saa 08:00 kwa mfumo wa kompyuta ni saa mbili asubuhi kwa mama wa Rubondo. Programu inayotafsiri maneno bila kutafsiri saa huweza kumwambia aje saa nane, naye akafika mchana. Kama uonyeshaji wa saa umeandikwa mahali pamoja, marekebisho ni madogo. Kama kila ukurasa unajiundia saa yake, marekebisho hayana mwisho.

Kuna pia suala la aina ya Kiswahili. Viwango vya kimataifa vinatambua Kiswahili cha pwani na Kiswahili cha Congo kuwa na alama tofauti, "swh" na "swc". Mkongo wa Bukavu aliyezoea kusema "batoto" huelewa Kiswahili sanifu kwa kiwango kinachotegemea elimu na umri wake. Mfumo uliotenganisha ujumbe na msimbo unaweza kubeba faili mbili za Kiswahili bila gharama kubwa ya kiufundi. Mfumo usiotenganisha hauwezi kubeba hata moja.

6.0 Kugundua na kurekebisha

Kutokana na historia hiyo, hatua za ugunduzi zinaweza kuelezwa kwa mpangilio. Ya kwanza ni kusoma historia ya mabadiliko. Mifumo ya kutunza matoleo kama Git huonyesha ni faili zipi zinazobadilishwa mara kwa mara na zipi hubadilishwa pamoja. Faili tata lisiloguswa kwa miaka si tatizo la haraka. Faili tata linaloguswa kila mwezi ndilo linalokula fedha. Ya pili ni vipimo vya utata, kama kile cha Thomas McCabe cha mwaka 1976 kinachohesabu njia zinazojitegemea ndani ya funksheni, pamoja na utafutaji wa maandishi yaliyorudiwa. Vipimo hivyo huelekeza jicho tu, kwa kuwa namba kubwa huweza kuwa na sababu nzuri.

Ya tatu ni jaribio la lugha bandia. Kila ujumbe katika faili la ujumbe hubadilishwa kwa kuongezewa alama, tuseme nyota mwanzoni na mwishoni, kisha programu hufunguliwa. Neno lolote litakaloonekana kwenye skrini bila nyota limefungwa ndani ya msimbo. Sentensi itakayoonekana na nyota katikati imeundwa kwa vipande. Jaribio hili halihitaji mtaalamu wa programu kulisoma. Mwalimu wa lugha au karani wa zahanati anaweza kuorodhesha kasoro zote kwa siku moja.

Urekebishaji una nidhamu yake. Michael Feathers, katika kitabu chake cha mwaka 2004, alishauri kwamba kabla ya kuugusa msimbo wa zamani kwanza yaandikwe majaribio yanayorekodi jinsi unavyofanya kazi sasa, hata kama tabia hiyo ina kasoro. Kwa mfumo wa hospitali sharti hilo ni la usalama: ripoti ya dawa iliyokuwa ikitoka jana lazima itoke leo kwa namba zilezile, ndipo badiliko lihesabiwe kuwa salama. Kisha msimbo hufumwa upya kwa hatua ndogo. OpenMRS yenyewe ilifuata njia hiyo ilipoondoa kurasa zake za zamani kutoka kwenye kiini na kuziweka katika moduli ya pekee. Kurasa hazikufutwa, kwa kuwa vituo vingi vilizitegemea, lakini kiini kilipata nafasi ya kubadilika bila kuzivunja.

Katika hatua hii hutokea swali kama majina ya ndani ya msimbo nayo yaandikwe kwa Kiswahili. Makala haya hayapendekezi hivyo kwa mifumo ya pamoja. Msimbo wa OpenMRS husomwa na mafundi wa mabara kadhaa, na kuubadilisha majina Mbarara kungeitenga Mbarara na marekebisho yanayotoka kwingine. Kinachohitajika ni faharasa: orodha fupi, inayotunzwa pamoja na msimbo, inayoeleza kwa Kiswahili na Kiingereza kila istilahi ya kitaaluma inayotumika ndani yake, ikiwemo maamuzi kama mpangilio wa majina ya Kisomali. Kuandaa faharasa ya aina hiyo ni kazi ya wanaisimu kama ilivyo ya wahandisi.

7.0 Athari za kisera

Mwezi Februari 2021 wakuu wa nchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kiingereza na Kifaransa. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha utekelezaji wa uamuzi huo, pamoja na ufundishaji wa lazima wa Kiswahili shuleni. Mwaka huohuo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya, na Somalia ikafuata mwaka 2024. Kwa hiyo wakazi wengi wa Nakivale sasa ni raia wa nchi wanachama, na lugha wanayoitumia kuwasiliana ni lugha rasmi ya Jumuiya na ya nchi inayowahifadhi. Hata hivyo lugha rasmi isiyoweza kuingia katika mfumo wa rekodi za huduma hubaki kuwa ya hotuba.

Wakati huohuo msingi wa kifedha wa mifumo hii umetikisika. Mpango wa METS, kama sehemu kubwa ya huduma za VVU nchini, umetegemea fedha za PEPFAR. Agizo la Rais wa Marekani la tarehe 20 Januari 2025 lililositisha misaada ya nje kwa siku 90 lilikumbusha kwamba timu ya wahandisi inaweza kutawanyika kwa notisi fupi. Siku hiyo utunzikaji huacha kuwa sifa ya kitaalamu. Huwa ndiyo tofauti kati ya mfumo ambao wahitimu wa chuo cha Mbarara wanaweza kuufungua, kuusoma na kuuendeleza, na mfumo ambao hospitali italazimika kuutupa na kurudi kwenye madaftari.

Washauri wa sera wanaweza kuchukua hatua zisizohitaji fedha nyingi. Mikataba ya kutengeneza programu za huduma za umma iweke masharti kwamba ujumbe wote uwe nje ya msimbo, kwamba jaribio la lugha bandia lifanyike kabla ya makabidhiano, na kwamba faharasa na majaribio ya kiotomatiki vikabidhiwe pamoja na msimbo. Bajeti ya mradi itenge utunzaji kama kifungu cha kila mwaka, kwa kuzingatia kwamba tangu utafiti wa Lientz na Swanson inajulikana kuwa utunzaji ni takribani nusu ya kazi. Idara za Kiswahili na vitivo vya kompyuta vya vyuo vikuu vya ukanda huu viwape wanafunzi wao kazi za pamoja kwenye mifumo huria iliyopo, kwa kuwa kuusoma na kuurekebisha msimbo wa mwingine ni ujuzi ambao mitaala inayofundisha kuanzisha programu mpya kila muhula haiutoi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa kuwa mlezi wa faharasa za afya na usajili ili kila nchi isianze upya.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba historia ya programu zinazohudumia Mbarara na Nakivale inaweza kusomwa kama historia ya kuyatoa maneno ndani ya msimbo na kuyaweka mahali yanapoweza kutunzwa. Kamusi ya dhana ya OpenMRS iliutoa msamiati wa tiba. Kiolezo cha jina kililitoa umbo la jina. Faili la ujumbe huitoa sentensi. Kila hatua ilipunguza idadi ya mambo yanayomhitaji fundi aliyeandika msimbo wa kwanza, na kila hatua ilizaa kazi mpya ya uhariri ambayo hadi sasa haijapata mwenyewe. Utafiti zaidi unahitajika kuhusu namna makarani wa Juru, Rubondo na Base Camp wanavyoyaandika majina na maelezo ya wagonjwa wanapotafsiri papo kwa papo kutoka Kiswahili cha mgonjwa kwenda Kiingereza cha fomu, kwa kuwa hapo ndipo maneno yanapoingia katika mfumo kwa mara ya kwanza.